Maoni ya Mama Kioko

Mliponiaga kwa keki na saa ya ukutani (saa yenyewe inakimbia dakika kumi, ingawa mimi sina tena pa kuwahi), mliniomba niwaandikie nyinyi mnaokaa sasa kwenye meza za barua jinsi kazi ilivyokuwa zamani. Mlitaka hadithi za kuchekesha. Ninazo, na nitazitoa chache. Lakini lipo jambo moja ambalo kila nilipowasimulia habari za ofisi nimelizunguka, na nikiwaandikia bila kulitaja nitakuwa nimewadanganya tena, nami uwongo kazini nilishaufanya mara moja ukanitosha.

Nilianza kazi miaka ya sabini ilipokuwa bado michanga. Ofisi yetu ya vitabu ilikuwa juu ya duka la magodoro, hatua chache kutoka Jogoo Road, na kila lori lilipopita kuelekea Industrial Area vikombe vilicheza mezani. Nilikuwa nimemaliza kozi ya taipureta, ninakaa kwa dada yangu mtaa wa Bahati, na sketi niliyovaa siku hiyo ilikuwa yake. Meneja, Bwana Kariuki, hakuniuliza lolote kuhusu taipureta. Alinipeleka pembeni palipokuwa na gunia la sukari lililojaa bahasha.

"Hizi ni barua za wasomaji," akasema. "Zisome."

"Zote?"

"Ulidhani zimekuja kupumzika?"

Karibu zote zilimhusu mtu ambaye hakuwahi kuzaliwa. Aliitwa Daktari Saulo, daktari wa kupasua maiti katika riwaya zetu za upelelezi, mtu mpweke mwenye koti refu jeupe na tabia ya kumsalimu marehemu kwa heshima kabla ya kumpasua. Polisi wakishindwa, yeye huangalia kucha, udongo wa viatuni, punje za mahindi tumboni, kisha anamtaja muuaji. Kitabu kimoja kilitoka kila mwaka, na mitaa ya Eastlands ikakisubiri. Nakala moja ilizunguka ploti nzima ya wapangaji, ikamrudia mwenyewe ikiwa imepoteza jalada na kuongezewa madoa ya mafuta ya kupikia.

Mwandishi wake alikuwa Bwana Gathogo. Mchana alikuwa karani mahakamani, akiandika yanayosemwa na mashahidi, na jioni aliandika riwaya. Hilo la mahakamani nililijua, nami sikuona kwamba lina uzito.

Nilitarajia kusoma sifa. Nikajifunza upesi kwamba anayesifu haandiki sana. Anayeandika ana jambo. Mwalimu mmoja wa Kaloleni alisoma kila kitabu akiwa na kalamu nyekundu mkononi, akatuletea orodha ya makosa ya tahajia, na mwisho wa orodha aliandika kila mara, "Vinginevyo ni kazi nzuri." Mchinja mbuzi wa Kiamaiko alitueleza kwa kurasa tatu kwamba damu isingeganda vile tulivyosema, akamwalika Daktari Saulo aje asubuhi yoyote ajionee. Mhudumu wa chumba cha maiti alilalamika kwamba katika vitabu vyetu watu wa kazi yake huwa walevi. "Mimi ni mzee wa kanisa," aliandika, "na hata busaa sijawahi kuonja." Vijana wa Makongeni waliandika kwa lugha yao, wakimwita polisi karao: "Huyo karao wa kitabu ni bure kabisa, lakini Dokta ni fiti." Na mama mmoja wa Makadara alitaka kujua kwa nini daktari haoi, kwa sababu kama shida ni kukosa mtu, yeye ana mpwa wake.

Vyombo vyangu vilikuwa vichache. Kisu cha kufungulia bahasha, kilichochongwa kutoka kipande cha msumeno. Trei tatu za mbao. Mhuri wa tarehe, na penseli ya bluu. Kila barua ilipigwa mhuri na kujibiwa, na ile yenye maneno ya kuvutia niliitia alama za penseli, nikaipeleka karakana ya chini ipangwe kwenye ukurasa tuliouita Wasomaji Wanasema. Ukurasa huo uliwekwa mwishoni mwa kitabu kila kilipochapishwa upya.

Aliyenifundisha kazi ya kukata barua ni Mzee Mulwa, mpangaji wa herufi. Karakana yake ilikuwa nyuma ya magodoro, na vidole vyake vilikuwa vyeusi kwa wino hata Jumapili. Alisema mkewe alishazoea kuhesabu alama zake kwenye mkate. Ukurasa wa herufi za madini ya risasi, uliopangwa kinyumenyume, aliusoma upesi kuliko mimi nilivyosoma gazeti. Wiki yangu ya kwanza nilimpelekea barua ya yule mwalimu wa Kaloleni nikiwa nimefuta orodha yote na kubakiza "Ni kazi nzuri." Akavua miwani.

"Madam Njeri, huyu mwalimu amesifu?"

"Mwishoni, ndiyo."

"Na mwanzoni?"

Nikaigeuza penseli mkononi.

"Kufupisha ni kazi yetu," akasema. "Barua ya mtu ni ndefu na karatasi ni fupi. Lakini mwenyewe akifungua kitabu akute anasema ambacho hakusema, hapo umemtilia maneno mdomoni. Andika, 'Ana makosa ya tahajia, vinginevyo ni kazi nzuri.' Mstari mmoja tu. Utatosha."

Nikaandika hivyo. Mwalimu alituma barua ya kushukuru. Ilikuwa na sahihisho moja.

Nilifanya kazi namna hiyo miaka kadhaa, na ninaweza kusema niliifanya vizuri. Kisha kikaja kitabu cha nane, Maiti ya Mtoni.

Katika kitabu hicho kijana mchongaji wa vinyago anaokotwa mtoni, chini ya daraja, na hakuna anayemtambua. Daktari Saulo anakuta vumbi la mti ndani ya kucha zake. Anakuta pia pindo la suruali lililorudishiwa kwa mkono, kwa uzi wa kijani, mishono midogo ya mtu mwenye subira. Kwa uzi huo anampata mama wa kijana, na kwa mama anawapata wauaji. Inatokea kwamba kijana alikuwa mwizi, akawadhulumu wenzake, nao wakamtosa.

Wasomaji hawakukipenda. Walisema muuaji anajulikana kabla hujamaliza kikombe cha chai. Walisema Daktari Saulo amezeeka na sasa anahubiri. Mchinja mbuzi wa Kiamaiko alikiri kwamba safari hii damu iko sawa, ila hadithi yenyewe ndiyo haina damu. Kijana wa Makongeni aliandika, "Dokta amechoka, arudishwe ocha akalime." Hata hivyo nakala zilikwisha, kwa sababu watu hununua kwanza ndipo wakalalamika, na Bwana Kariuki akataka kichapishwe tena haraka.

Alikuja mezani kwangu asubuhi. "Nataka maoni sita mazuri kabla ya saa sita. Na moja liwe zuri kabisa. Hilo litakaa jaladani."

Nilikuwa na matano, na moja kati ya hayo liliandikwa na dada ya mwandishi. Nikafungua barua zilizoletwa na posta siku hiyo. Ya tatu ilikuwa kwenye karatasi ya daftari la shule, mwandiko wa mtu anayebonyeza kalamu kwa nguvu. Ilisema hivi:

"Kwa mwandishi wa Daktari Saulo. Nimekisoma kitabu chenu mara tatu. Mara ya kwanza nilikisoma siku moja, sikula wala sikupika. Anayeandika anajua kuandika, hilo silikatai. Anayosema juu ya uzi wa kijani ni kweli tupu, kwa maana uzi ule niliutia mimi. Kijana huyo ni mwanangu Kioko. Alikuwa akichonga vinyago na alipatikana mtoni kama ulivyosema. Lakini hakuwa mwizi. Mahakama ilisema haijui alivyokufa. Sasa naona wewe unajua mambo ya uzi, basi labda unajua na mengine. Kama unamjua aliyemuua, nakuomba kwa jina la Mungu uniambie. Mimi ni Mama Kioko, Umoja."

Ningependa kuwaambia kwamba sikuielewa, au kwamba niliisoma kwa haraka. Niliisoma mara mbili na niliielewa. Nikatazama saa, ilikuwa saa tano na nusu. Sikuchukua penseli ya bluu. Nilitia karatasi safi kwenye taipureta, jambo ambalo sikuwa nimelifanya hata siku moja, nikayapiga upya maoni yote sita. La Mama Kioko lilitoka hivi:

"Nimekisoma kitabu chenu mara tatu. Mara ya kwanza nilikisoma siku moja, sikula wala sikupika. Anayeandika anajua kuandika, na anayosema ni kweli tupu. Mama Kioko, Umoja."

Neno nililoongeza ni moja tu, "na." Mengine yote yalikuwa yake.

Nilipompelekea Mzee Mulwa karatasi, aliigeuza nyuma na mbele. "Barua zenyewe ziko wapi?"

"Bwana Kariuki ana haraka leo, Mzee."

Alisoma akisogeza midomo. "Huyu Mama Kioko amekipenda kweli," akasema, akaanza kupanga herufi.

Nilijiambia kwamba nitamwandikia yule mama kando, barua nzuri, ya heshima. Niliiweka barua yake chini kabisa ya trei ya tatu. Kila wiki nilipofika karibu na chini ya trei, barua nyingine zilikuwa zimekuja juu, nami nikafurahi kwamba zimekuja.

Alikuja mwenyewe. Ilikuwa asubuhi, ofisi imetulia. Mama wa makamo, kitambaa cheupe kichwani, sweta ya bluu iliyofungwa vifungo vyote, na kitabu alichokizungushia gazeti. Alibisha hodi ingawa mlango ulikuwa wazi.

"Karibu, mama."

"Natafuta mahali panapoandikwa maoni."

"Ni hapa."

Akafungua gazeti, akaweka kitabu mezani kwangu, jalada juu. Kidole chake, kilichokomaa kwa kushona, kikagusa jina lake jaladani. "Nani alinisemea haya?"

Niliyatazama maneno yale kama ninayasoma kwa mara ya kwanza. Alifikiri sijaelewa, akanieleza polepole kama anavyoelezwa mtoto.

"Shemeji zangu walikuja Jumamosi. Walikaa, wakakataa chai. Walisema nimeuza kifo cha mtoto ili niandikwe kwenye kitabu. Kanisani akina mama wananiuliza kama mwandishi ni ndugu yangu. Umoja yote imesoma hapa. Kioko ameitwa mwizi, na mimi mama yake nasema ni kweli tupu." Akarudi nyuma hatua moja. "Wewe binti, unaona nilivyosimama hapa? Hivyo ndivyo ninavyosimama dukani."

Nikasema nitamwita meneja.

Bwana Kariuki alimpa kiti, akamwita na Mzee Mulwa apande kutoka chini. Mzee aliposikia jina la Mama Kioko alimsalimu kwa Kikamba, na kwa mara ya kwanza uso wa yule mama ulilegea. Kisha akamgeukia meneja.

"Maneno ya jaladani mtayafuta, hilo najua. Mimi nimekuja kwa neno moja. Huyu mwandishi, anamjua aliyemuua mwanangu?"

"Mama, hii ni hadithi ya kubuni tu," Bwana Kariuki akasema.

"Na uzi? Uzi pia alibuni?"

Bwana Kariuki alimwahidi kwamba ataangalia, akamsindikiza mpaka kwenye ngazi, akarudi na kufunga mlango.

"Nani alikata barua hii?"

Mzee Mulwa alinitazama. Si kwa hasira. Alinitazama kama mtu anayengoja mwenzake amalize kufunga viatu ili waende. Nikaenda kwenye trei ya tatu, nikaitoa ile barua, nikaiweka mbele ya meneja. Haikuwa na alama hata moja ya penseli.

"Mimi nilipeleka chini maneno yote," nikasema. "Barua ndiyo hii, nzima, sijaigusa. Pengine kule chini mistari haikutosha."

Enzi hizo mpangaji aliruhusiwa kuondoa mstari mmoja au miwili ukurasa ukijaa. Uwongo wangu ulikuwa na pa kukaa.

"Mulwa?" Bwana Kariuki akauliza.

Mzee alikuwa bado ananitazama. Aliangalia mikono yake, kisha akasema, "Kama Madam amesema hivyo."

Wiki hiyo hiyo akaambiwa akabidhi funguo za karakana. Niliona mgongo wake kupitia dirisha akivuka barabara na mfuko wa karatasi uliokuwa na aproni yake. Majalada yaliyokuwa stoo yalibadilishwa. Yaliyokwisha kuuzwa yalibaki Umoja, na Buruburu, na kote yalikofika.

Hakuna aliyenishuku. Ofisini walinihurumia kwa usumbufu ule, na mmoja wetu aliniletea andazi. Kila niliposikia hatua kwenye ngazi nilitafuta cha kushika. Dada yangu aliniuliza kwa nini siku hizi nakula huku nimegeukia ukuta. Kanisani, mchungaji alipotuambia tukumbuke makosa yetu kimya kimya, wenzangu walifumba macho na kuyafumbua, mimi nikabaki nimefumba, kwa sababu kama ningeyafumbua ningeona akina mama wenye vitambaa vyeupe.

Bwana Gathogo alipoleta mswada wa kitabu cha tisa nilimuuliza alikoutoa ule uzi.

"Mahakamani," akasema, akikoroga chai. "Daktari aliusoma kwenye ripoti yake, nami nikauandika. Hayo mengine ni yangu."

"Mama wa kijana alikuwapo?"

"Benchi la mbele. Ndiye aliyeutambua." Akaonja chai, akaongeza sukari. "Unauliza kwa ajili ya nini?"

Nikasema ni kwa ajili ya kumbukumbu za ofisi.

Karibu mwaka ulipita. Halafu ikaja barua ya mwalimu wa Kaloleni. Alikuwa ameazimwa nakala yenye jalada jipya, na baada ya orodha yake ya kawaida ya makosa alituuliza kwa nini tumeyaondoa maoni ya mama wa Umoja. "Kitabu hiki sikukipenda," aliandika. "Nilikisoma tena kwa sababu ya maneno yake, maana miongoni mwa maoni yenu yote ndiyo pekee niliyoyaamini."

Niliisoma nimesimama. Nikavaa koti, nikamwambia mwenzangu naumwa, jambo ambalo halikuwa mbali na kweli.

Mzee Mulwa nilimpata Shauri Moyo, kwenye kibanda cha mabati chenye mashine moja ndogo ya kukanyaga kwa mguu. Alikuwa akichapa kadi za harusi. Tangazo la mazishi lilikuwa likikauka kwenye kamba. Aliniona, akamaliza kadi aliyokuwa nayo, akafuta mikono.

"Mzee, nimekuja kusema—"

"Najua ulichokuja kusema. Nilikijua siku ile ulipoitoa barua kwenye trei."

"Kwa nini hukusema?"

"Ningeonyesha nini? Karatasi za kazi tulikuwa tukizichoma kila Ijumaa. Wewe ulikuwa na barua safi mkononi, na una masomo. Mimi nilikuwa na vidole hivi." Alivitazama. "Nilidhani utasema mwenyewe. Kwenye ngazi nilishuka polepole makusudi, nione kama utaniita."

Nikaanza kulia. Akaniacha nilie kidogo, kisha akaniletea kitambaa cha kufutia mashine, akaona kilivyo kichafu, akakirudisha.

"Mimi usinililie, Njeri. Kazi ninayo, na mke wangu bado ananipikia. Yule mama ulimwambia?"

"Bado."

"Basi umekosea njia. Umoja ni upande ule."

Ilikuwa mara yake ya kwanza kuniita bila Madam, na tangu hapo hakuniita Madam tena.

Siku iliyofuata nilimwambia Bwana Kariuki. Aliuliza nani mwingine anajua, nikamtajia Mzee Mulwa. Akasema mpangaji mpya ameshazoea mashine, na kwamba mambo yakishapoa hayapashwi moto. Msidhani kwamba nilipiga meza. Nilirudi kwenye barua zangu. Lakini Jumamosi mchana, tulipofunga, nilikwenda Umoja.

Nyumba yake ilikuwa imeongezwa chumba cha mbele chenye dirisha la kuuzia, na ndani ya chumba hicho alikuwa na cherehani. Nilimkuta akishona sare ya shule. Alinijua papo hapo.

"Binti wa maoni," akasema. "Kaa."

Sikukaa. Nilimwambia kwamba barua yake niliikata mimi, kwamba Mzee Mulwa hakuigusa wala hakuiona, kwamba niliielewa wakati naikata. Aliendelea kukanyaga cherehani mpaka mwisho wa mshono. Kisha nikamwambia habari za mwandishi, jinsi alivyokuwa karani mahakamani, alivyosikia kuhusu uzi siku ileile aliyousikia yeye. Hapo mguu wake ukasimama.

"Kwa hiyo hajui."

"Hajui, mama. Mengine aliyabuni."

"Wezi pia?"

"Pia wezi."

Alikata uzi kwa meno. Akaikunja sare mapajani. "Mimi nimekuwa nikimngoja," akasema. "Nilipoona hamjibu, nikafikiri ni mambo mazito, hawezi kuyaandika kwenye barua, atakuja mwenyewe. Mwaka mzima nimeweka maziwa ya mgeni. Ikifika jioni nayanywa mimi."

Nimesoma maoni ya watu maisha yangu yote. Walitutukana, walitusifu, mmoja alitutumia ngozi ya mbuzi. Hakuna lililonishusha kama hilo la maziwa. Ningeweza kumjibu barua yake siku ile ile kwa mistari miwili: Hajui, mama, pole. Mwaka wake mmoja ulikuwa chini ya trei yangu.

Sikumwomba msamaha, nilishindwa kupata mlango wa kuingilia. Yeye ndiye aliyesema.

"Kesho baada ya ibada akina mama tunabaki. Uje uwaambie."

Nikaja. Lilikuwa kanisa la mabati lenye mabenchi mapya, na akina mama wapatao thelathini walikuwa wamekaa wakiwa na vikombe vyao mapajani. Mama Kioko alinitambulisha kwamba mimi ni mgeni kutoka ofisi ya vitabu, akaenda kukaa nyuma. Nikasimama. Maneno nilikuwa nimeyafanyia mazoezi tangu alfajiri.

"Tulikosea ofisini," nikasema. "Maoni ya Mama Kioko yalikatwa. Hakusema kwamba kitabu ni kweli. Alisema mwanawe hakuwa mwizi. Tunaomba radhi kwake na kwenu."

Waliguna kwa huruma. Mmoja wao, mwenye miwani, akauliza, "Si ni yule fundi wa herufi? Tulisikia alifutwa."

Nami niliinamisha kichwa. Sikusema ndiyo, sikusema la. Wakanipigia makofi machache kama anavyopigiwa mgeni, mtu akasema tuombe, na birika likaanza kuzunguka.

Mama Kioko alinisindikiza hadi getini. Jua lilikuwa kali na alikuwa amejifunika leso mabegani.

"Asante kwa kuja," akasema.

"Asante, mama."

"Umesema 'tulikosea.' Mlikuwa wangapi?"

Nikatazama chini. Viatu vyangu vilikuwa vimejaa vumbi la Umoja. "Nilikuwa peke yangu."

"Na huyo fundi?"

"Hakukata hata neno."

"Basi hao mle ndani hawajui hilo," akasema. "Nitakungoja hapa."

Nilirudi ndani. Chai ilikuwa imeshamiminwa na mazungumzo yamehamia harusi ya mtu. Nilisimama kando ya birika, nikangoja wanyamaze. Hawakunyamaza, kwa hiyo nikapaza sauti. Nilisema jina langu lote, la ubatizo na la baba yangu. Nilisema kwamba nilikuwa peke yangu mezani, kwamba ilikuwa mchana kweupe, kwamba sikusukumwa na mtu, na kwamba mzee asiye na hatia alipoteza kazi kwa sababu ya mdomo wangu, na hata hivi punde, mbele yao, nilimwacha apakwe matope tena. Yule mama mwenye miwani aliweka kikombe chini. Safari hii hakuna aliyepiga makofi.

Nilipotoka Mama Kioko alikuwa palepale getini, anatazama barabara. Hakunishika mkono, wala hakuniuliza nimesemaje. Mabati hayazuii sauti.

"Sasa nenda," akasema, nami nikaenda.